Cheti cha Fundi Uledi

Zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, boma lao lilipokuwa Usumbura, hapakuwa na mtu Rumonge aliyejua kujenga nyumba kumshinda Fundi Uledi, wala hapakuwa na aliyelijua hilo vizuri kuliko Uledi mwenyewe. Nyumba thelathini na moja zilikuwa kazi ya mikono yake. Ukiongozana naye njiani ulijuta, maana alikusimamisha mbele ya kila moja akakueleza alivyoinyoosha nguzo ya kati.

Sifa yake kubwa ilikuwa kiambaza cha nyuma ya mlango. Waislamu wa mji ule walikuwa watu wa haya, naye Uledi aliwajengea ukuta mfupi uliomzuia mgeni wa barazani asione hata pindo la nguo ya mke wa mtu. Kiambaza hicho hicho ndicho kilichomtia matatani.

Maana ilikuja amri kutoka bomani kwamba fundi yeyote asimjengee mtu nyumba bila cheti. Amri ilikuja na karani wake, Mustafa, mtu wa pwani mwenye miwani na sanduku la karatasi. Aliandika jina la Uledi, la baba yake, la babu yake, kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa nionyeshe nyumba moja uliyojenga, niingie nipime kila chumba. Una siku arobaini. Zikipita, hujengi tena."

Uledi akacheka. "Moja tu? Iko thelathini na moja, Bwana Karani. Chagua!"

Karani akachagua ya Amuri, mwuza mawese. Amuri aliwapokea kwa heshima zote, akawakalisha, kisha akasimama mlangoni. "Fundi wangu, baraza mupime mpaka muchoke. Lakini mule ndani iko bibi yangu. Mwanaume wa kando haingii, hata kama ametumwa na Kaizari."

Nyumba ya pili jibu lilikuwa hilo hilo, ya tatu vile vile. Siku ya saba wakafika kwa Bibi Kadidja, mjane, aliyewajibu akiwa ndani bila kujitokeza. Hapo Uledi, masikini, majivuno yakamzidi. Akamvuta karani mkono. "Unaona kile kiambaza? Unamusikia, lakini humuoni!"

"Simwoni," karani akasema, akafunga daftari lake. "Basi twende kwako."

Uledi akashikwa na kikohozi cha ghafla, akaomba wakutane kesho.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa kibanda alichokisimamisha wiki ya harusi, kwa muda tu, miaka kumi na miwili iliyopita. Ukuta wa magharibi uliegemezwa magogo matatu. Kila kiangazi alikusanya miti ya kujenga nyumba ya maana, na kila kiangazi alitokea mteja mwenye haraka, miti ikaenda. Mkewe Mwamini aliacha kuuliza mwaka wa tano.

Asubuhi Mwamini alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, uani alipomwona mumewe anapaka udongo mweupe ukuta wa mbele.

"Baba Zena," akamwambia, "unamupaka mugonjwa poda."

Karani alipofika, Mwamini akanawa mikono, akaenda kusimama mlangoni. "Na mimi niko bibi ya mutu," alisema. "Humu ndani mwanaume wa kando haingii."

Uledi alimsihi. Alimwita Mama Zena, akamwita mpenzi, akamwita kwa majina ambayo hakuyatumia tangu harusi. Mwamini hakusogea. Karani akafuta miwani yake, akauliza kwa adabu ni nyumba gani katika mji huu anayoweza kuingia.

"Ile ambayo mwanamuke hajahamia bado," Mwamini akajibu.

Basi Uledi akaanza kujenga, maana amri haikumkataza mtu kujijengea mwenyewe. Watu waliomnyima milango yao waliona haya. Amuri alileta nguzo, na Bibi Kadidja aliwatuma wanawake wateke maji ya kukandia udongo. Mteja mmoja kutoka kijiji cha Gatete alikuja kuiomba miti ya nyumba hiyo, ana haraka kama wateja wote, na Uledi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema hapana. Ilimuuma kidogo.

Siku ya thelathini na tisa karani aliingia, akapima chumba kwa chumba, akakisifu kiambaza, akagonga muhuri. Uledi alikibusu cheti. Akatoka mbio, akakionyesha barazani, kisha akarudi ndani kumtafuta mkewe.

Mwamini alikuwa amesimama peke yake katika chumba cha ndani, kiganja chake kwenye ukuta ambao haujakauka vizuri.

"Mama Zena, wamenipa! Tazama muhuri!"

Hakuutazama. Alikuwa analia.

"Miaka kumi na mbili," alisema polepole. "Nilifikiri unajengea tu watu unaowaheshimu, na mimi simo."

Uledi akakikunja cheti, akakitia mfukoni. Huko nje watu walikuwa wakimwita, fundi, fundi, toka tukupongeze. Hakutoka.