Chemchemi Niliyoifyeka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufyeka vichaka vya chemchemi yetu, bondeni nyuma ya mji mdogo wa Keumbu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, na yote niliyoyajua kuhusu utalii niliyasoma peke yangu katika kitabu kilichochakaa cha picha za bustani za wageni: nyasi fupi, njia zilizonyooka, miti iliyopangwa kama wanafunzi kwenye paredi.

Wageni wetu walikuwa wachache, walimu wa kizungu waliokuja Jumapili kutazama korongo wenye taji wakiatamia kwenye matete. Mimi niliwaongoza, mama akawauzia ndizi mbivu na vikapu alivyosuka. Kila walipoondoka nilijilaumu: tope limewachafua viatu, miiba imewakwaruza. Niliogopa wasirudi, mama akakosa soko.

Kwetu vichaka vya chemchemi havikatwi; wanawake ndio wanaovichunga. Mama alinikuta na panga.

"Nani amekutuma?"

"Nasafisha, mama. Wageni wanapenda usafi."

"Wamekulalamikia?"

"Bado."

"Basi ngoja walalamike."

Sikungoja. Nilifyeka siku tatu, vichaka na matete, nikanyoosha kamba na kupanda mikaratusi mistari miwili. Jirani yetu alipita na mtungi wake akacheka. "Umeinyoa kama kichwa cha mtoto wa shule. Jua likiwaka itajifunika nini?" Nilidhani ananionea wivu.

Jumapili iliyofuata korongo hawakuwepo. Asubuhi hiyo niliona mayai mawili yamepasuka kati ya matete niliyoyakata. Niliyafukia kabla wageni hawajafika, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Mwalimu mmoja alitazama mistari yangu akasema, "Umefanya kazi nyingi," kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. Hawakuja tena.

Mikaratusi ilikua upesi, ikanywa maji mpaka chemchemi ikakauka. Kufikia kiangazi cha mwaka wa nne mama alikuwa akivuka kilima kwenda kuteka maji kwa watu wengine, akiomba ruhusa kama mgeni. Hakunigombeza hata siku moja. Ningefurahi angenigombeza.

Mikaratusi nimeing'oa yote, na vichaka vimeanza kuchipua. Maji yanatosha mtungi mmoja asubuhi. Korongo hawajarudi, wala wageni, na mama ameacha kusuka vikapu.