Siku Nilipozima Kizuia Matangazo Mbele ya Wakulima

Hili nalisema kwa aibu, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe bado sijaweza.

Mimi ni bwana shamba hapa Matiri, nimeletwa kutoka Kondoa, mwaka wa pili huu naishi peke yangu kwenye nyumba ya kata. Watu ni wema, ila Jumapili kijiji kizima kinakwenda kanisani, sisi Waislamu tunahesabika kwa vidole, basi nabaki na kompyuta yangu. (Mmeshaanza kunielewa.) Jumapili moja nikajiandikisha kwenye tovuti ya kutafuta wachumba.

Kizuia matangazo nilikuwa nacho kwenye kompyuta tangu zamani, aliniwekea mwenzangu wa ofisini, na kusema kweli kilinisaidia sana, kurasa zinafunguka upesi, bando haliliwi na video za wauza sabuni. Ubaya wake tovuti nyingine zinakugomea kabisa, na siwalaumu, wenyewe wanaishi kwa hayo matangazo.

Siku yenyewe nafundisha wakulima wa kahawa habari za chule buni, ule ugonjwa unaoozesha matunda mtini, ukumbi wa kigango umejaa, projekta inamulika ukutani, spika tumeazima kwa kwaya. Nafungua ukurasa wenye picha, unaniambia zima kizuia matangazo ndipo uendelee. Ningeweza kueleza kwa mdomo tu, hata tawi lenye ugonjwa nilikuwa nalo mezani, lakini nilitaka waone bwana shamba wao ni mtu wa kisasa, nikazima.

Badala ya picha ikaja video, na sauti ya mwanamke ikajaa ukumbi: "Umechoka kukaa peke yako?"

"Tumechoka!" akajibu mtu wa nyuma, wakacheka, nami nikacheka nao huku natafuta kile kialama cha kufungia, kidogo kama chawa, nikabonyeza, kumbe nimebonyeza tangazo lenyewe, likanipeleka kwenye tovuti ile ile ya wachumba, na akaunti yangu sikuwa nimeifunga. Picha yangu ikatanda ukutani, nimevaa shati la Idi, na chini yake maneno yangu. Nikavuta waya kwa nguvu (ulikuwa wa spika, si wa projekta), sauti ikakatika, maandishi yakabaki.

Mzee Ndunguru, mwenyekiti wa kikundi, akavaa miwani akawasomea wasioona mbali, polepole, kama anasoma somo la Misa: "Napika vizuri, lakini sina wa kula naye. Atakayejibu nitamshukuru." Akasogea karibu na ukuta. "Majibu, hakuna."

Nikasubiri kicheko. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoumia. Mama Komba, aliyekaa mbele, akasema taratibu, "Kumbe Bwana Shamba, muda wote huu unakula mwenyewe?"

"Tuendelee na chule buni," nikasema, nikafunga kompyuta, nikainua lile tawi, nikafundisha nikilitazama lenyewe tu mpaka mwisho.

Mzee Ndunguru akaniwahi mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani, mama ameshapika."

"Asante mzee, nimeshakula."

Uongo mtupu, tangu asubuhi nilikuwa na chai kavu tumboni, ila niliogopa kuhurumiwa. Nikaenda kwangu, nikasonga ugali wa mtu mmoja, nikala nimesimama jikoni, watu wanapita nje wakizungumza Kimatengo, sielewi neno, na nikaamini kila neno linanisema mimi.

Siku hizi kurasa za kufundishia nazifungua nyumbani kwanza, picha nazihifadhi, na mbele ya watu sizimi kitu. Hilo ni jepesi. Zito ni lile la mlangoni, maana mzee hajanikaribisha tena, nadhani aliona nimemkataa. Nimeapa kesho saa ya chakula nitapita kwake bila kuitwa, nibishe hodi, niseme mzee, sijala.