Povu Kwenye Vibuyu vya Nashipai

Maziwa ya Nashipai yalijulikana Mikumi nzima, kuanzia yanakopaki malori ya kwenda Iringa hadi zile gesti za karibu na mbuga. Mama ntilie wa pale barabarani ni wagomvi kwa kila kitu, lakini kwa maziwa yake hawakuwa na neno. Wengine waliwaletea maziwa yaliyotiwa maji, wengine yenye nywele za ng'ombe zikielea juu. Ya Nashipai yalikuja safi, yananukia moshi kwa mbali. Naye alijua, na alikuwa na maringo fulani ya kimyakimya. Mimi simlaumu. Mwanamke anayekamua wakati wenzake bado wamejifunika shuka ana haki ya kuringa kidogo.

Usafi ule aliupata kwa mama yake. Kijinga chenye makaa kinaingizwa ndani ya kibuyu, kinasuguliwa huku na huku, kibuyu kinafunikwa moshi utulie, kisha jivu linakung'utwa. Kwake moshi ulikuwa unaua kila kitu: harufu, wadudu, hata jicho baya la mtu kama lilikuwemo. "Kikishafukizwa kimepona," alikuwa akisema, na ungemwambia kuna kitu moshi haukiwezi angekucheka mpaka uone haya.

Halafu likaungua lile lori la mafuta. Lilipinduka kwenye kona ya chini ya boma lao, likashika moto, na gari la kuzimia moto likaja kumwaga povu mpaka majani yakawa meupe na mbuzi wakakataa kupita. Moto ukazimika, mabaki ya lori yakaondolewa, watu wakatawanyika. Mtaroni yakabaki madumu ya bluu ya wale wazima moto, mengine yakiwa bado na maji mazito ndani. Sasa wewe unajua kwetu dumu la plastiki lenye mfuniko mzima halilali barabarani. Kabla ya adhuhuri hakuna hata moja lililobaki, na Lemayan, mtoto wa kiume wa Nashipai, alikuwa ameshapakia la kwake kwenye pikipiki.

Nashipai alilifungua, akachovya kidole, akasugua. Kikateleza. Akatia tone kwenye karai la maji, povu likajaa mpaka likamwagika. Alifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Sabuni ya dukani inaisha wiki haijaisha, na hii hapa imetoka barabarani, tone moja tu linaosha vyombo vyote. Tangu siku hiyo madumu ya maziwa yakaoshwa kwa ile, na vibuyu navyo, ambavyo zamani havikujua sabuni, vikaingia humo humo. Ilikuwa na harufu kidogo ya dawa. Alivifukiza baada ya kuviosha, na harufu ikaondoka kabisa.

Ndipo Namayiana, mke wa Lemayan, akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Sapit. Kwao mzazi hatoki nje kufanya kazi. Anakaa ndani anapumzika, na mama mkwe ndiye anayemlisha: maziwa, mafuta, supu, mpaka arudishe damu aliyoipoteza. Hapo ndipo mama mkwe anapojulikana ni mtu wa namna gani. Nashipai alimtengea kibuyu kizuri kuliko vyote vya boma. Kile alikiosha mara mbili, kwa sababu ya mapenzi, akakifukiza mpaka macho yakamtoka machozi. "Kunywa, mwanangu," alimwambia kila asubuhi. "Mtoto atanyonya hiki unachokunywa."

Namayiana alikunywa. Akanenepa, na Sapit akanenepa, na wanawake wa maboma ya jirani wakasema Namayiana amepata mkwe.

Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe alipofika Tumwagile. Huyu alikuwa msichana wa chuo kikuu, mtafiti, mtu mpole mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi la Kilosa yote. Alikuwa akitafuta kemikali fulani ambazo haziozi, zinazotiwa kwenye povu la kuzimia moto na vitu vingine vingi vya kiwandani, ajue kama zimeingia kwenye visima na kwenye miili ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu maziwa."

Alikuwa bado hajakaa alipoliona lile dumu kivulini. Akachuchumaa, akafuta tope kwenye maandishi, akasoma. Kisha akauliza polepole wanalitumia kwa kazi gani. Nashipai, hana hili wala lile, akamwonyesha. Akaosha kibuyu mbele ya mgeni, akatia kijinga, akafukiza, akakung'uta jivu, akamsogezea anuse. Tumwagile alikuwa amelelewa vizuri, hakumkatisha mama mtu mzima. Alingoja mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "hii kitu ilitengenezwa ipambane na moto wa petroli. Moto wenyewe hauiwezi. Huu moshi wa kibuyu hauigusi."

Nashipai alicheka. Akamtazama usoni, kicheko kikamkauka.

Tumwagile alieleza kadiri alivyoweza. Si sumu ya kunywa leo ukaanguka kesho. Inaingia kwenye damu na inakaa miaka. Watafiti wa nchi nyingine wameihusisha na maradhi ya ini na ya figo, na wameona watoto wenye nyingi mwilini chanjo zao hazishiki sawasawa. Lakini kwa mtu mmoja mmoja, nani itamdhuru na nani itamwacha, hawajui.

"Hamjui," Nashipai akarudia.

"Hatujui, mama."

Wakubwa wote watatu walitolewa damu. Sapit hakutolewa, alikuwa mdogo mno. Dumu likafungwa kwenye mifuko, likapakiwa garini. Tumwagile akaahidi kurudi na majibu, akaondoka, na lile neno lake, hatujui, likabaki pale bomani na kukaa nao.

Nashipai aliviacha vibuyu vyote. Alitaka kuvichoma, akakumbuka habari ya moto. Alitaka kuvizika, akaambiwa ardhini nako haiozi. Mwishowe alivirundika nyuma ya zizi na kuvifunika ngozi, kisha akawa hapiti upande ule. Aliwafuata wateja wake akawaambia ukweli, ana kwa ana. Consolata, mwenye kibanda cha chai, alimjibu kwamba yeye ni mzima na angetaka maziwa yake kama kawaida, na Nashipai akaona afadhali angetukanwa.

Alinunua vibuyu vipya. Haikusaidia. Ukikamua ng'ombe maziwa yanatoa povu lake yenyewe, ndivyo yalivyo tangu dunia iumbwe, lakini sasa kila asubuhi lile povu lilipopanda mdomoni mwa kibuyu mikono iliacha kukamua na ng'ombe akageuka kumtazama. Alinawa akahisi vidole bado vinateleza. Sapit akikohoa kidogo, aliacha kazi akaenda kumsikiliza kifua. Akiwa na homa, na mtoto gani hana homa huku kwetu kwenye mbu, Nashipai alikaa naye kuanzia asubuhi akimpapasa ubavuni, akijiuliza ini linakaa wapi. Hakumwambia mtu. Alikuwa anaogopa, na aliogopa zaidi kuonekana anaogopa.

Tumwagile alirudi mvua za masika zilipokwisha. Akataka kumpa kila mtu majibu yake faragha, ndiyo sheria yao. Nashipai akakataa. Walikunywa pamoja, watasikia pamoja. Wakakaa nje ya nyumba, Namayiana akiwa na mtoto amelala mapajani.

"Ya kwako iko juu, mama. Ya Lemayan nayo iko juu, ingawa yako imeizidi." Akageuza karatasi. "Ya Namayiana ni ndogo. Ndogo sana kuliko zenu."

Nashipai alifumba macho, akainua mikono, akamshukuru Engai kwa sauti, Mungu wa baba zake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alimshika mkwewe bega akalitikisa, akacheka, ndicho kicheko chake cha kwanza tangu siku ya dumu. Lemayan naye akacheka. "Mimi hata ikiniua sasa, na iniue," Nashipai akasema. "Mradi haikumkamata huyu."

Tumwagile hakucheka. Alikuwa anafunga na kufungua kalamu yake.

Na Nashipai si mjinga. Mtu anayejua ng'ombe yupi ametoa kidogo leo na kwa nini, hawezi kukaa na jambo lisilolingana. Kicheko kikapungua chenyewe.

"Mwanangu," akasema, "huyu ndiye aliyekunywa kuliko sisi sote. Nilikuwa namlisha mwenyewe. Kwa nini yeye awe na kidogo?"

"Mwanamke akizaa, na akinyonyesha, kwake inapungua."

"Inapungua inakwenda wapi?"

Tumwagile alimtazama mtoto aliyelala. Namayiana alikuwa ameshaelewa kabla ya swali kwisha, mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa mtoto kama inayoogopa kugusa.

"Asimwachishe," Tumwagile akasema haraka. "Nakuomba, mama. Faida ya maziwa ya mama bado ni kubwa kuliko hofu hii, na huku mtoto asiponyonya anaumwa upesi. Apate chanjo zote. Mimi nitakuwa nakuja kumwangalia."

Sauti zile zikamwamsha Sapit. Akapiga mwayo, akajigeuza, akaanza kutafuta kifuani kwa mama yake kwa mdomo na kwa vidole, akilalamika. Namayiana hakufungua shuka. Alimshika mtoto mbali kidogo na mwili wake, akamtazama mama mkwe, kwa sababu katika boma lile habari ya chakula cha mtoto neno ni la Nashipai.

"Yeyo," akamwita, mama. "Nimpe?"

Mtoto akaanza kulia kwa nguvu. Lemayan aliinuka akaenda zake zizini. Nashipai alitafuta kitu cha kufanya kwanza, cha kuosha, cha kufukiza, cha kungoja, na hakukuwa na chochote.

"Mpe," akasema.

Namayiana akafungua shuka na mtoto akanyamaza. Nashipai hakuondoka wala hakugeuza uso. Alikaa palepale, akisikiliza kila funda likishuka.