Kwenye Uwanja wa Saa, Mume Wangu Aliitwa "Baba"

Salamu kwenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Admin, jina langu lifiche tafadhali. Hapa Maskati sie watu wa Unguja tunajuana, na huenda mtu akanitambua kwa maelezo tu, lakini nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Mie ni mwanamke wa miaka arubaini na nane, nnakaa mtaa wa Azaiba. Nimeolewa miaka ishirini na saba na sikujaaliwa kuzaa. Mume wangu alisoma Praha, mji mkuu wa Wacheki, ujanani, kama vijana wengi wa Unguja wa wakati ule, kisha akaja Omani akaajiriwa serikalini. Kaka yangu mkubwa alisoma naye huko, wakilala chumba kimoja. Yeye ndiye aliyeleta posa. Marehemu baba alimuuliza mbele yangu, "Huyu bwana ana mke au mtoto huko alikotoka?" Kaka akajibu, "Hana, baba. Namjua kama ninavyojijua."

Miaka ya mwanzo nilizunguka kwa madaktari mpaka nikachoka. Mawifi walinisema kila karamu. Mama yangu akanishauri niombe talaka, nikajaribu bahati yangu kwengine maadam bado kijana. Nilipomweleza mume wangu, alinishika mikono akasema, "Usiondoke. Huenda kasoro ni yangu mie." Kupimwa hakutaka. Nikadhani anaona haya, basi nikamsitiri. Nikabaki, na wallahi nilizidi kumpenda kwa maneno yale.

Mwaka jana alistaafu, akasema anataka kunionesha alikosoma. Tukaenda wanne: sie wawili, kaka na mkewe. Kusema kweli ule mji ni mzuri. Katikati pana uwanja wa kale uliotandikwa mawe, umezungukwa na majumba marefu ya rangi ya waridi na manjano, kanisa lenye minara miwili myeusi, na saa kubwa ukutani. Kila inapogonga, vidirisha viwili hufunguka na sanamu zikapita moja moja. Watu hujazana chini, vichwa juu, kama watoto. Mume wangu hakuhitaji ramani. Alitupitisha vichochoro vya nyuma ya uwanja, vyembamba kama vya kwetu Mji Mkongwe, akatuonesha dirisha la chumba chao, na duka walilokuwa wakinunua mkate, ambalo sasa linauza vikombe vya watalii. Akawa anacheka na kaka kwa Kicheki. Sikupata kumuona vile nyumbani. Nikafurahi kwa ajili yake.

Asubuhi moja akasema twende tena tukaione ile saa. Nikamuona hatulii, anatazama huku na huku. Saa ikaanza kugonga, watu wote wameinua macho, mara nikasikia nyuma yangu, "Baba!"

Kwa Kiswahili. Nikageuka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele za kahawia zimejisokota, na macho ni ya mume wangu. Wakakumbatiana. Kisha akanisogelea, akasema polepole kama anayeogopa kukosea, "Shikamoo, mama." Na kaka yangu akamshika mabega: "Mashaallah, umekuwa mtu mzima!"

Mkewe akamuuliza, "Kwani unamjua?" Kaka akainama.

Nikamjibu yule binti marahaba. Yeye ana kosa gani?

Tukakaa mkahawani pale pale uwanjani, mume wangu akaeleza. Alizaa na mwanamke wa kule kabla hajaja Omani. Mama mtu amefariki majuzi, binti kabaki peke yake. Safari alizokuwa akiniaga kuwa ni za kikazi, nyengine zilikuwa za kwenda kumuona. Na jina alilompa binti ni la mama mkwe wangu, lile lile nililokuwa nimejiwekea mie kwa binti yangu, nikijaaliwa.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukunambia nyumbani?"

"Niliogopa utalia."

"Na hapa?"

Kaka ndiye aliyenijibu: "Tuliona hapa, mbele za watu, utajizuia."

Tuliona! Walikaa wawili wakapanga. Na kweli nilijizuia. Nikainywa chai yangu mpaka mwisho na sikusikia ladha yake.

Hotelini nikamkumbusha mume wangu: "Ulinambia huenda kasoro ni yako." Akasema, "Nilisema vile ili usiniache." Basi, alijua tangu mwanzo kuwa kasoro si yake. Mama yangu kafa akiniona mjinga.

Ndugu zangu, simlaumu kwa kuzaa kabla yangu. Angelinambia, ningelimpokea mwanawe. Angelikuja likizo mdogo, nikamsuka nywele, nikampikia. Hata hilo walininyima, mume wangu na ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa binti anakuja Maskati. Mume wangu anataka tuwaambie watu kuwa ni mtoto wa mwalimu wake wa zamani. Kaka anakuja kila Ijumaa kunibembeleza, "Sitiri nyumba yako, dada'angu." Hajapata kusema nisamehe, hata siku moja. Na binti mwenyewe hajui lolote kuhusu uongo huo. Ananipigia simu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, mimi lala chumba gani?" Nnamwambia chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa. Nikikata simu ndio nnalia.

Nyie mngelikuwa mie mngelifanyaje? Nimtambulishe kwa mawifi zangu kama mgeni, naye amekaa hapo anamtazama baba yake? Au niseme kweli mbele yao, ndoa ivunjike ikivunjika? Na kaka yangu nimfanyeje? Nipeni shauri kabla ya mwisho wa mwezi, maana binti ameshakata tikiti.