Baridi Ndani ya Tanuri la Alizeti

Nimekana tangu mavuno, lakini alizeti ya kikundi chetu cha akina mama hapa Ikungi niliiunguza mimi, si Mama Neema.

Tulinunua kidhibiti joto cha tanuri la kukaushia mbegu. Kilikuja na vihisio vinne vya kupima joto, kila kimoja kina waya mwekundu na wa njano. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu, nilikabidhiwa bisibisi. Kijitabu cha maelekezo sikukifungua; nani asiyejua kuwa mwekundu ni chanya?

Tulipowasha, namba zote nne zikashuka hadi chini ya sifuri.

"Dada, mbona mlango unaunguza?" akauliza Mama Neema, mchunga tanuri wetu.

"Kipimo kinasema ndani kuna baridi. Acha lipate moto."

Saa saba mchana, namwambia mtu anayetiririka jasho kwamba mbegu zinaganda. Magunia sita yakawa makaa. Kikaoni nikasema labda Mama Neema ndiye aliyechezea waya, naye akaondolewa kwenye tanuri.

Jana mwenyekiti alimpigia fundi wa duka lililotuuzia kidhibiti, akaweka spika tusikie wote.

"Shikamoo mama. Ule waya mwekundu mliufunga wapi?"

"Marahaba," akajibu mwenyekiti. "Kwenye chanya."

"Ndiyo hiyo. Kwa vihisio hivi mwekundu ni hasi. Ukigeuza, joto likipanda namba zinashuka. Imeandikwa ukurasa wa kwanza, tena kwa Kiswahili. Nani alifunga?"

Mama Neema aliichukua simu mezani, akaniletea.