Mgongo wa Baridi

Mzee Mok alikuwa na neno kwa kila kiungo cha mkewe, Sau-ngo. Akiinama juu ya cherehani, alimwambia ana mgongo wa baridi. Ndivyo tunavyomwita mtu aliyezoea kujikunja. Akiegemea mlango: "We huna mifupa?" Akipandisha mguu kitini wakati wa kula: "Kukaa hujui, kusimama hujui. Nimeoa nini mimi?"

"Umeoa mpishi. Kula, unyamaze."

Sisi majirani zao katika mtaa wa Kwai Chung tuliyasikia hayo kupitia ukutani, tukacheka.

Mok alipofariki, ukuta ukanyamaza. Sau-ngo akawa anakaa atakavyo. Mwanawe aliyehamia Kanada akipiga simu, humwuliza kama amekula, basi.

Asubuhi moja mkahawa wa chai ulijaa, akaketishwa meza moja na mzee asiyemjua. Mguu wa Sau-ngo ukaanza kutikisika, chai ikacheza vikombeni. Mzee akashusha gazeti.

"Mama, mti ukitikisika hupukutisha majani; mtu akijitikisa, bahati humtoka. Hukufundishwa kwenu?"

"Nilifundishwa. Mwalimu kafa."

Mzee akamjazia kikombe. "Basi leo nakufundisha mimi. Na huo mgongo unyooshe, unatafuta sarafu sakafuni?"

Sau-ngo alicheka hadi chai ikampalia. Aliponisimulia kwenye lifti, alikuwa bado anafuta machozi.

Kesho yake aliwahi, amevaa koti la sikukuu. Mzee hakuja, wala siku zilizofuata. Wahudumu hawakumjua, mpita njia tu, walisema.

Mara ya mwisho alipokwenda mkahawani, aliketishwa meza moja na msichana mwenye simu mkononi. Sau-ngo akatikisa mguu taratibu, kisha kwa nguvu, hadi vijiti vya kulia vikaanguka. Msichana akaviokota, akamwitia mhudumu vingine.

"Nakukera, mwanangu?"

"Hata, bibi. Kaa upendavyo."

Akamshukuru. Maandazi yake ya nyama yakapoa kikapuni.

Tangu hapo haendi tena. Hununua uji kwenye dirisha la duka, akaubeba kwenda kuunywa nyumbani. Mwezi uliopita nilimkaribisha kwetu chakula cha jioni. Mume wangu alimtania, watoto wakamvutia sahani. Alikaa wima mlo mzima, mikono mapajani, akamsifu samaki, akaaga mapema.