Kabla ya Saa Kumi, Jumatano

Tulikuwa wasichana watatu wa chumba kimoja katika shule ya bweni kule Mukumu, na wenzetu walituita kwa tulikotoka. Mmoja alikuwa wa Lugari, binti wa wakulima wa mahindi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya shamba. Mwingine alikuwa wa Mumias, Mwislamu, mdogo wa umbo, ambaye hata akikukasirikia hakuacha kukusalimia kwanza. Mimi nilikuwa wa Amalemba, mtoto wa mji, na kwa hilo walinicheka miaka minne. Baadaye wao wawili walisomea uuguzi na kuhamia Uingereza, mmoja akimfuata mwenzake. Mimi nilibaki Kakamega, nikaajiriwa karani katika ofisi ya serikali, nikaolewa, na mpaka leo naishi Amalemba, nyumba chache tu kutoka ile niliyozaliwa.

Mwaka juzi figo za wa Mumias zilianza kushindwa. Mara tatu kwa wiki alilazwa karibu na mashine ya kusafisha damu, naye alikuwa mjane asiye na ndugu kule. Mimi ndiye niliyejitolea kwanza kumpa figo. Nilienda kupimwa hapa Kakamega, na daktari hakufika mbali. Alinipima presha mara mbili, akaniambia nirudi nyumbani nikajitunze mwenyewe. Nililia ndani ya gari mpaka mume wangu akazima injini na kunisubiri. Wiki chache baadaye wa Lugari alinipigia simu, akaniambia amepimwa na damu yao imepatana. Aliyasema kama mtu anayekueleza kwamba mvua imeanza kunyesha.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi asubuhi. Ulikuwa umeshaahirishwa mara moja kwa sababu wa Lugari alipata homa. Sasa hospitali ilitaka mtu mzima atakayekaa nao nyumbani wakiruhusiwa, kwa kuwa mtoaji na mpokeaji wote wangekuwa na vidonda na hakuna ambaye angeweza kumwinua mwenzake. Mtu huyo alipaswa kufika wodini kabla ya saa kumi alasiri ya Jumatano, aonane na muuguzi anayesimamia na aelezwe mambo ya dawa. Asipofika, tarehe ingesogezwa tena. Mtu huyo nilikuwa mimi. Viza ilitoka Ijumaa, nikakata tiketi ya Jumatatu, na kwa hesabu yangu ningefika Jumanne mchana, nikiwa na siku nzima mkononi.

Jumatatu alfajiri mume wangu alinipeleka Kisumu kwa gari letu. Ndege ya Nairobi ilikuwa iondoke saa nne asubuhi, na ile kubwa ya kuvuka bahari iondoke Nairobi saa kumi na moja jioni. Saa nne ilipofika tukaambiwa ndege yetu bado iko Nairobi, ukungu umeizuia kuruka. Saa tano wakasema tena subirini. Mume wangu alikuwa bado nje. Akanipigia simu akasema nitoke, tuingie barabarani, atanifikisha Nairobi mwenyewe. Nilisimama karibu na kioo nikimwona kule kwenye maegesho, simu sikioni, mlango wa gari ameshaufungua. Nilijua jinsi malori yanavyopanda polepole mwinuko wa Mau. Tukitoka saa hiyo, hata asiposimama kunywa maji, tungefika jua likizama, ile ndege kubwa imeshaondoka. Nilimwambia nabaki. Akasema, "Kama haitakuja hiyo ndege, usije ukasema sikukwambia." Hakuondoka. Alikaa mle garini mpaka saa nane na robo, ndege ilipotua, na tulipopaa niliona gari letu dogo bado lipo palepale.

Nairobi nilikimbia. Nina miaka hamsini kasoro mmoja na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo niliyokimbia mbele ya watu. Kaunta walikuwa wanakusanya karatasi zao wafunge. Kijana mmoja akanitazama, akatazama saa, akaniwekea sanduku langu kwenye mizani mwenyewe. Nikapita. Nikaketi ndegeni, nikafunga mkanda, nikawatumia wenzangu ujumbe kwamba nimeshapanda. Wa Mumias akajibu kwa kumshukuru Mungu.

Tulikaa kwenye hiyo ndege saa mbili bila kusogea. Rubani alitangaza kuna hitilafu ndogo, kisha akatangaza mafundi wanaishughulikia, kisha tukashushwa. Tulipelekwa hotelini na kuahidiwa kuondoka Jumanne asubuhi. Asubuhi ikawa mchana, mchana ukawa jioni. Kila tulipopelekwa uwanjani tulirudishwa kwenye viti vilevile, na kila nilipouliza kuhusu ndege ya kuunganisha kule Ghuba, nchi za Waarabu, niliambiwa yote yatatengenezwa nikifika. Siku yangu nzima ya akiba ilikwisha pale, nikitazama skrini. Nilikunywa dawa ya presha kwa wakati wake na bado nilisikia moyo ukinipiga masikioni. Tuliondoka Jumanne usiku.

Alfajiri ya Jumatano tulitua Ghuba, katika uwanja mkubwa kuliko mji wa Kakamega mzima. Ndege ya kwenda mji wa rafiki zangu ilikuwa imejaa. Kwenye simu nilikuta ujumbe kwamba nimehamishiwa ya Alhamisi. Niliusoma mara tatu. Alhamisi asubuhi ndio saa ambayo wangekuwa mezani, au wangekuwa wamerudishwa nyumbani.

Nilimpigia wa Lugari. Kwao, wodini walikokwisha kulazwa, bado kulikuwa na giza, lakini alishika simu mara moja, nikajua hajalala. Nilimweleza yote. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili mwenzake wa chumba cha pili asisikie, kwamba vipimo vya wa Mumias vya wiki iliyopita havikuwa vizuri, kwamba amekatazwa kuniambia, na kwamba tarehe nyingine ingekuwa baada ya miezi.

"Sasa mimi nimeshajiandaa," akasema. "Nikirudi nyumbani leo sijui kama nitapata tena huu moyo. Wewe njoo tu. Hata ukifika umekunjika kama gunia, njoo."

Sikuwahi kumsikia akiogopa. Katika miaka minne ya bweni yeye ndiye aliyetoka nje na fimbo kila tuliposikia kitu kikitembea.

Mbele ya kaunta ya uhamisho kulikuwa na foleni ndefu ya watu wa ndege yetu. Wengine walikuwa wakipiga meza, mmoja alikuwa akimrekodi karani kwa simu. Nilisimama nyuma yao na kitu kikanitulia kichwani. Mimi ni mtu wa kaunta. Miaka ishirini na miwili nimekaa upande ule mwingine wa dirisha, na najua hali ya yule mwanamke aliyekuwa anapigiwa kelele. Najua pia ni nani humsaidia upesi: si yule anayelia, wala yule anayetisha. Ni yule anayeweka karatasi moja mbele yangu, anataja tarehe, na anajua anachotaka.

Kwa hiyo sikusonga na foleni. Nilienda kwenye skrini kubwa ya ndege zinazoondoka, nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya tiketi kila ndege iliyokuwa ikienda Uingereza asubuhi ile, mji wowote. Zilikuwa tatu. Moja ilikuwa ya London, saa mbili asubuhi, chini ya saa mbili zijazo. Nikatoa barua ya hospitali, nikapiga mstari chini ya siku na saa. Kisha nikarudi na kufanya jambo ambalo pale ofisini huwa linanichukiza kuliko yote. Nilipita mbele ya watu. Nilienda kwa mmoja mmoja, nikiwaonyesha barua, nikiwaomba. Mzee mmoja aliisoma yote, akanipisha. Mama mwenye watoto wawili alikataa, akasema kila mtu hapa ana shida, na alisema kweli. Nikasimama nyuma yake nikangoja. Alipomaliza alipita akiwa ameinamisha macho, na mimi pia.

Nilimpa yule karani barua na kumwambia sihitaji kufika mji ule kwa ndege. Nahitaji kufika Uingereza asubuhi hii, popote, na mengine nitajitegemea. Nikamwonyesha ile ya London.

Alisoma. Akapiga tarakilishi yake kwa muda mrefu. Akainua simu, akaongea Kiarabu, akaishusha. Akasema kiti kipo kimoja, lakini sanduku langu halitafuata, huenda likaja baada ya siku kadhaa, na nikitoka kwenye ule uwanja wa London kampuni haitakuwa na wajibu wowote kwangu.

"Unaelewa hilo, mama?"

Nikamwambia naelewa. Akachapisha kadi, akaniandikia juu yake namba ya mlango, na kuniambia ni mbali, nitembee haraka.

London tulitua saa sita na nusu mchana. Foleni ya pasipoti ilijipinda kama utumbo. Afisa aliyenihoji alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionitisha, kwa maana alikuwa na muda wote duniani. Alitaka kujua kwa nini tiketi yangu inasema mji mwingine. Nikamweleza. Akaisoma barua polepole, akauliza ni yupi kati ya wale wagonjwa aliye ndugu yangu.

"Hakuna," nikasema. "Ni marafiki."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akagonga muhuri.

Treni ya kwenda kaskazini ilichukua zaidi ya saa mbili. Nilipiga simu wodini nikiwa ndani, nikampata yule muuguzi msimamizi. Nilimwambia nimeshapanda na nitafika saa kumi na dakika chache. Akajibu kwa heshima kwamba ametoa nafasi mpaka saa kumi, kwamba kuna timu nzima inayosubiri neno lake, na kwamba hawezi kutoa ahadi. Simu ikakatika tulipoingia kwenye handaki la reli. Nje kulikuwa na mashamba ya kijani yenye kondoo, na niliyachukia kwa jinsi yalivyokuwa yametulia. Treni iliposimama katikati ya njia, bila stesheni, kwa dakika nane, niliuma kitambaa cha shingoni nisije nikasema kitu kwa sauti.

Niliingia wodini saa kumi na dakika ishirini na mbili. Muuguzi msimamizi alikuwa amesimama kwenye korido na koti lake mwilini, mkoba begani. Alikuwa mwanamke wa rika langu. Nilimtajia jina langu huku nikihema, nikamkabidhi pasipoti, kana kwamba naye angeigonga muhuri. Alitazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi, viatu vyangu, mkono wangu mtupu usio na sanduku. Kisha akaushusha ule mkoba, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine.

"Keti kwanza," akasema. "Tutaanza na dawa za asubuhi."

Alinifundisha kwa saa nzima, na aliporidhika akapiga simu mbele yangu na kusema wanaweza kuendelea. Ndipo aliponiruhusu kuwaona. Walikuwa wameketi kitanda kimoja, miguu inaning'inia, wamevaa kanzu za hospitali zilizofungwa mgongoni. Wa Mumias alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa macho tu. Akanisalimu kwa ukamilifu, akauliza nyumbani, mume, watoto, kazi, nami nikamjibu yote kwa mpango wake, nikijua kwamba nikiruka hata moja nitalia. Wa Lugari hakusalimu. Alikuwa amejifunika uso kwa taulo.

Alhamisi walimchukua wa Lugari kwanza. Nilikaa kwenye chumba cha kusubiri nikiwa na nguo zilezile za Jumatatu. Saa ziliisha na sikuwa na la kufanya. Hakukuwa na kaunta ya kwenda, wala karatasi ya kuonyesha mtu. Alasiri daktari alikuja akasema wote wametoka salama, lakini figo ikihamishwa huweza kulala kwanza siku kadhaa, na wakati mwingine haiamki. Tungoje tuone.

Usiku ule wa Lugari alizinduka na neno la kwanza alilolitamka, kwa Kiluhya, lilikuwa kuuliza kama mwenzake amekojoa. Muuguzi wa zamu akanitaka nimtafsirie. Nilipomtafsiria hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha pili, kando ya kitanda cha wa Mumias aliyekuwa bado usingizini, akainama na kuniinulia mfuko wa plastiki uliounganishwa na mpira wa kutolea mkojo. Chini kabisa kulikuwa na mkojo, kiasi cha kikombe cha chai, wa manjano, ukiongezeka tone kwa tone wakati tukiutazama.

Nilirudi nikamwambia wa Lugari kwamba figo imeamka. Akauliza ni mwingi kiasi gani. Nikampimia kwa vidole. Akasema ni kidogo, niende nikaangalie tena.